Irente nzuri, picha mbovu: tatizo ni simu?

SWALI: Shikamoo kaka. Mwezi uliopita mimi na wenzangu tulipanda Lushoto, tukatembea kwa mguu mpaka Irente. Kufika pale kwenye mwamba nikabaki mdomo wazi, kule chini mashamba ya mkonge yamepangwa mistari kama kitambaa, barabara nyembamba kama uzi. Nikapiga picha kama 80. Narudi Tanga nazifungua, zote zimepauka, milima imekuwa vichuguu. Rafiki yangu anasema ninunue kamera. Ni kweli? Nimekutumia 4 uzione.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kamera acha kwanza, hiyo hela fanya nauli urudi Lushoto.

Picha nimeziona. Zote umepiga saa saba mchana, na huku kwetu saa saba jua liko utosini kabisa, vivuli vinajificha chini ya vitu vyenyewe, sasa mlima usio na kivuli utaujuaje kama una mabonde? Halafu umetumia ile lenzi ya 0.5, ndo inayoingiza kila kitu ila vya mbali inavisukuma vinakuwa vidogo, ndo hivyo vichuguu vyako. Siku nyingine weka 1 au 2, chagua kitu kimoja, mfano ile barabara tu na mistari ya mkonge, mbingu ibaki kidogo juu. Washa na zile gridi, ile mistari ya kugawa skrini, mstari wa upeo usiikate picha katikati.

Nenda saa kumi na moja jioni. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, mwanga unakuja kwa ubavu na kila tuta linaonekana. Ila mwanga huo haukai, dakika 20 ukiwa unaselfika umeisha. Gusa skrini pale penye mwanga, ushikilie hadi fokasi ijifunge, kisha shusha mwanga kidogo.

Na weka kitu mbele, jiwe, tawi, mtu. Mimi safari yangu ya kwanza Mtae, kijiji cha huko huko milima ya Usambara, nilirudi na milima mitupu, mama mmoja alipita na mzigo wa kuni kichwani, kanga nyekundu, ukungu nyuma yake, mi niko bize nahangaika na mawingu! Nageuka, keshakata kona. Mpaka leo naiwaza ile picha ambayo sina. Siku hizi nikipenda mahali nakaa saa nzima sihami, nasubiri mtu apite, nasalimia, naomba, ndo napiga.

Kioo cha kamera je, ulifuta? Picha yako ya tatu ina alama ya kidole, naiona kabisa (sicheki).

Ukienda mwezi wa saba beba sweta, na tochi pia maana giza litakukuta njiani, na bodaboda wa saa hizo bei anapanga yeye.