Ngozi halisi ndani ya gari la modeli: hesabu ya unene kwanza

Ngozi ya kiti cha gari la kweli huwa na unene wa milimita 1.2 hivi. Ukiigawa kwa 24, kwa ajili ya modeli ya 1/24 (ndogo mara 24 kuliko gari lenyewe), unapata milimita 0.05, na ngozi nyembamba kiasi hicho huipati popote. Shida zote za kazi hii zinaanzia hapo. Ngozi laini ya glavu, ambayo wengi huanza nayo, ina takriban milimita 0.6. Kwenye modeli ya 1/24 hiyo ni sawa na kukivika kiti blanketi la milimita 14: kingo zinakuwa butu, mifereji inajaa, na kiti kinakataa kuingia kati ya mlango na nundu ya katikati ya sakafu.

Kwa modeli za 1/8 na 1/12, tumia ngozi bila wasiwasi. Kwa 1/24, itumie kwenye viti na kifuko cha gia (kile kinachozunguka shina la mkono wa gia) tu, tena baada ya kuipunguza hadi milimita 0.2 au 0.25. Kwa 1/43, paka rangi. Rangi isiyong'aa sana iliyopakwa vizuri huonekana ngozi zaidi kuliko ngozi yenyewe, hata kama jambo hilo linaudhi.

Chagua ngozi ya mwanambuzi au kondoo mchanga kwa sababu vinyweleo vyake ni vidogo. Ya ng'ombe ina matundu na mikunjo ambayo kwenye 1/24 huonekana kama mashimo ya ngumi. Kabla ya kukata, weka kipande kando ya modeli ukipige picha ya karibu. Kamera hailisamehe tundu ambalo jicho limelipuuza.

Kupunguza unene kunafanyika upande wa nyuma, ule wenye nyuzinyuzi. Laza ngozi juu ya kioo, ibane kwa vidole, kisha inyoe kwa wembe mpya uliolazwa karibu sawa na kioo, ukielekea nje. Ikifika milimita 0.35 acha wembe, shika msasa namba 120 uliozungushiwa kijiti bapa, umalizie na namba 240. Sugua kutoka katikati kwenda ukingoni kila mara, kwa sababu ukirudi ndani ukingo hujikunja chini ya msasa na kuchanika. Kata kipande kikubwa kuliko unachohitaji kwa milimita 10 kila upande, maana pembeni pataharibika tu. Pima unene kwa kalipa (kipimo cha taya mbili) sehemu nne au tano. Chini ya milimita 0.2 ngozi inaanza kuachia uso wake, na hapo hairudi.

Plastiki ya kiti nayo ipungue. Piga tupa pande za kiti kiasi kilekile cha unene wa ngozi, ukijaribu kukiingiza mahali pake mara kwa mara.

Sasa mifereji ya kiti, ambayo ndiyo huwashinda wengi. Watu hulowesha ngozi, wanaikandamiza mistari kwa sindano, inapendeza, kisha asubuhi wanakuta mistari imefutika. Sababu ni utengenezaji wake. Ngozi iliyotiwa dawa kwa magome ya miti hushika alama ikiwa na unyevu, lakini ya nguo na glavu kwa kawaida hutiwa dawa ya kromu, na hiyo hurudi ilivyokuwa. Basi usitegemee alama. Chonga mifereji kwenye plastiki yenyewe, kina cha milimita 0.4, ikiachana milimita 2 kwa 1/24. Paka gundi nyeupe ya mbao kwa wembamba, laza ngozi, kisha isukume ndani ya mfereji wa katikati kwa mgongo wa kisu. Subiri ishike, nenda kwenye mfereji unaofuata, kushoto, halafu kulia. Kila mfereji unameza kama nusu milimita ya ngozi, kwa hiyo mifereji minane inahitaji milimita 4 za ziada. Ukigundisha pembeni kwanza, ngozi haitakuwa na pa kutoka. Itaning'inia juu ya mifereji kama ngozi ya ngoma.

Usijaribu kufunika kiti kizima kwa kipande kimoja. Kata sehemu ya kukalia, egemeo, mbavu za pembeni na mgongo, kila kimoja peke yake, na viungo vikae palepale kiti cha kweli kinaposhonwa. Vipande vyote vya kiti kimoja vikatwe kwa mwelekeo mmoja wa ngozi, la sivyo kimoja kitanyumbuka kuliko mwenzake. Paka kingo zilizokatwa rangi ya akriliki inayofanana na ngozi kabla ya kubandika. Mstari mweupe hauna dawa baadaye. Kiungo kifunikwe na uzi mwembamba uliovutwa kwenye nta ya nyuki ili vinyoya vilale, au waya wa shaba wa milimita 0.2 uliopakwa rangi. Mishono halisi ya sindano iache: mshono wa milimita 4 kwenye gari unakuwa milimita 0.17.

Gundi ya viatu hushika vizuri pembeni, ila ipake kidogo, kwani kiyeyusho chake hula plastiki. Supa gluu hupenya hadi juu, inaacha doa jeusi na kuigeuza ngozi kuwa gamba.

Kifuko cha gia ndicho mazoezi mazuri ya kuanzia. Kwa 1/24, kata duara la milimita 10, toboa katikati, pitisha mkono wa gia, gundisha juu, kisha shusha duara taratibu hadi lijikunje lenyewe.

Usukani wa 1/24 usiuvike ngozi. Duara lake lina unene wa milimita 1.2 hivi na litageuka mpira wa baiskeli. Dashibodi nayo ni rangi.

Kapeti ni unga wa nyuzi za nailoni za nusu milimita. Paka sakafu rangi ileile ya unga kwanza, kisha gundi nyeupe, chunga unga kwa chujio hadi gundi isionekane, na usiguse kwa saa 24 ndipo ukung'ute. Mikanda ya viti ni utepe wa milimita 2.

Kabla ya kufunga bodi, acha sehemu ya ndani wazi siku mbili. Mvuke wa gundi ukifungiwa humo huganda kama ukungu upande wa ndani wa vioo, ambako kitambaa hakifiki.