Mistari miwili baada ya kupona

Juzi usiku msomaji mmoja wa Likoni ameniandikia: "Kaka, dawa za homa ya ini C nilimaliza mwaka jana, nikaambiwa nimepona. Leo nimejipima kwa kile kijiti cha fizi, mistari miwili. Ugonjwa umerudi?"

Nilimpigia palepale. Hofu hiyo naijua. Nilijidunga heroini miaka sita hapa Mombasa, sindano moja tukipokezana watu wanne. Nilipoanza methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, nikapimwa, nikakutwa na ugonjwa huo. Muuguzi aliita jina langu mbele ya benchi zima la wagonjwa, akaongeza, "Huyu ni wale wa sindano." Sikurudi miezi minane. Hadi leo nikipita lango lile moyo unanipiga.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2021 kwamba watu wapewe vipimo vya kujipima homa ya ini C, nililia. Unapangusa fizi ya juu na ya chini, unachovya kijiti kwenye kichupa, unasubiri dakika 20 chumbani kwako. Hakuna wa kukutangaza.

Lakini sikilizeni, ndugu zangu. Kijiti hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatoa kupambana nacho, na askari hao hubaki hata adui akishakwisha. Ukipona kwa dawa, mistari miwili inaweza kukufuata maisha yako yote. Wako pia wanaopona wenyewe katika miezi 6 ya mwanzo, nao wataiona mistari hiyo vilevile. Jibu la kweli liko kwenye kipimo cha damu kinachotafuta kirusi chenyewe.

Basi mistari miwili ya kwanza ikupeleke kupimwa damu, isikupeleke kitandani kulia. Na ukishapona achana na kijiti, omba kipimo cha kirusi, hasa kama umegusa sindano tena, kwa sababu kupona hakukukingi na chanjo haipo. Vidonge ni vya wiki 12 kwa wengi wetu, na zaidi ya 95 katika kila 100 wanapona. Mimi nimo, na nalisema kwa kujivuna.

Nanyi wa vituo, msigawe vijiti kama njugu. Kila kijiti kiende na namba ya simu ya mtu aliyeupitia ugonjwa huu, atakayepokea hata usiku.

Yule wa Likoni anavuka feri Jumatatu asubuhi. Nitampokea upande huu, tukakae benchi pamoja.