Maswali Yenu: Matusi ya Kwenye Simu

Safari hii maswali yaliyoletwa yamegongana: karibu yote yanahusu watu kuvunjiana heshima kwenye makundi ya WhatsApp, Facebook na kwingineko. Nimechukua saba. Majina nimeyaacha kama mlivyoomba, nimebakiza mitaa yetu ya hapa Dodoma tu.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu. Juzi saa nne usiku mwanachama mmoja aliandika kwenye kundi, "Wengine wanajenga kwa hela zetu." Hakunitaja, ila kila mtu alijua ananisema mimi. Nikamjibu kwa hasira, nikamwagia hadi mambo ya ndoa yake. Sasa wenzangu wanataka niombe radhi. Kwa nini nianze mimi wakati yeye ndiye aliyenichokoza? (Kizota)

Kwa sababu hapo kuna mambo mawili, mama, na moja ni lako peke yako. Yeye ameleta tuhuma ya hela. Tuhuma ya hela hujibiwa kwa daftari, hata kama imeletwa kwa kejeli. Wewe umeleta ndoa ya mtu, ambayo haikuwa kwenye ajenda ya kikoba.

Tunaishi mji wenye Bunge, tuibe basi mbinu ya jirani. Mbunge akiteleza ulimi, mwenzake anasimama, "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika," na kiti kikiridhika kinamtaka afute kauli. Akifuta, mjadala unaendelea. Tena hata wakiwa wamevimbiana, kila mmoja anaelekeza maneno yake kwenye kiti, si kwa mbaya wake. Kikoba chenu kina mwenyekiti. Mtumieni.

Andika kwenye kundi lile lile, si inbox, maana ulimwaibisha mbele ya wote: "Niliyosema kuhusu nyumba ya mwenzetu nayafuta, naomba radhi." Ishia hapo. Ukiongeza "lakini na yeye..." umeirudisha vita mwanzo. Halafu piga picha kurasa za daftari, michango, mikopo iliyo nje na salio, uziweke hapo hapo. Kisha mwombe mwenyekiti amtake mwenzako aseme ni hela ipi na ya mwezi gani, au naye afute. Hesabu zikiwa na pengo, radhi haitakuokoa. Zikiwa sawa, hutahitaji tena kugusa ndoa ya mtu.

Mume wangu ni mpole, hata mtoto hajawahi kumfokea. Lakini nikisoma anayowaandikia mashabiki wa timu nyingine naona aibu. "Utopolo" ndilo neno lake laini kuliko yote. Yupi ndiye mume wangu? (Area C)

Wote wawili, pole. "Utopolo" na "Makolo" tuyaache, hayo ni ya Yanga na Simba na kila upande una la kwake. Najua unazungumzia yale mengine.

Mwaka 2004 mwanasaikolojia wa Marekani, John Suler, alieleza jinsi breki za mtu zinavyolegea akiwa mtandaoni: hajulikani, haonekani, na jibu halimpati papo hapo. Wengi hudhani kujificha jina ndiko kunakoleta matusi. Lakini mumeo anatumia jina lake na picha ya harusi yenu. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Haifa, Israeli, waliwapa watu 142 mada ya kubishania kwa maandishi, wakichanganya hali: wengine walijulikana majina, wengine hapana, wengine walionana, wengine hapana. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Kilichochochea ukali kuliko vyote ni kukosa kutazamana machoni.

Kwa hiyo usimpe mhadhara wa adabu, anayo tele. Siku moja wakati wa chai mwombe akusomee kwa sauti alichoandika jana, akikutazama. Sidhani kama atamaliza.

Kwetu ni Mvumi, nafanya kazi hapa mjini. Wenzangu wengi wamehamia kutoka Dar es Salaam. Kila nikichelewa mchango wa sherehe, kwenye kundi la kazini wananitumia stika ya mzee mwenye bakuli: "Mgogo huyo, ombaomba." Nikilalamika wananiambia ni utani tu, mbona nina hasira. Je, nina hasira za bure? (Ipagala)

Huna.

Utani ni mali ya watu wa nchi hii na una masharti yake. Kwanza watani wanajulikana. Kabila na kabila wana utani wao tangu enzi za babu zao, na mjukuu anao na bibi yake. Mtu aliyeshuka kwenye treni ya SGR mwezi jana hajawa mtani wako kwa kujipachika. Pili, utani hurudi. Nawe ungekuwa na ruhusa ya kumchana kiasi kile kile, na yeye akacheka. Tatu, na hili ndilo wanaojificha nyuma ya neno utani huwa wanalisahau, mtani ana kazi. Ukifiwa, ndiye anayefika kukamata jembe, kubeba maji, na kuwachekesha wafiwa hata wakapata nguvu ya kula. Uhuru wake wa kukusema ameulipia. Hao wa kwenye kundi, msiba ukitokea Mvumi, nani ataomba ruhusa kazini akaja?

Na bakuli hilo wanalolichekea lina asili yake. Ugogo ni nchi ya mvua kidogo, milimita 500 na kitu kwa mwaka, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Mvua ikikosa miezi hiyo, mwaka umekwenda. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalizoa ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ukakuta maghala matupu. Njaa ya kuanzia 1917 hadi 1920 Wagogo waliiita Mtunya, na inakadiriwa iliua watu wapatao 30,000 katika nchi iliyokuwa na watu kama 150,000. Waliobaki walikwenda kuhemea kwa majirani. Hao ndio babu zake huyo mzee wa kwenye stika.

Je, umwage historia hiyo kundini? Mimi nisingefanya hivyo. Kesho asubuhi utakuta wametengeneza stika ya Mtunya. Mweleze mmoja wao ana kwa ana, mkila chakula cha mchana, yule mwenye masikio. Kwa anayeongoza kejeli, mwandikie pembeni: "Kaka, ile stika siipendi. Mimi na wewe si watani. Naomba usiitume tena." Usimtaje kabila lake wala usitafute kasoro za kwao, ingawa najua utatamani. Akirudia, mtake admini aifute. Tangu 2022 WhatsApp inamruhusu admini kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwa wote, kwa hiyo asikwambie hana uwezo. Ikishindikana, hilo ni kundi la kazini, na mkuu wa kazi ana mlango. Peleka.

Baba mkwe wangu anaandika kwa herufi kubwa tupu kwenye kundi la ukoo. Vijana wanasema anatufokea. (Makole)

Ni kweli kwamba desturi ya mtandao inahesabu herufi kubwa kuwa kufoka. Mwongozo mmoja wa adabu za intaneti wa Oktoba 1995 ulishaliandika hilo waziwazi. Lakini mzee hajausoma, na huenda anaandika hivyo ndiyo aone vizuri. Mtu amwongezee ukubwa wa maandishi kwenye simu yake. Vijana wapunguze maneno.

Niliandika kwenye ukurasa wa ofisi moja: "Maji hayajatoka siku nne, mnatutoza bili ya nini?" Nikajibiwa, na watu kadhaa wakaunga mkono, kwamba sina adabu. Nilikosea wapi? (Nkuhungu)

Sioni. Hii nayo tuiseme: wapo wanaotumia neno adabu kama kizibo. Swali likiwauma, wanahamisha mjadala kutoka kwenye bomba kwenda kwenye malezi yako. Ibara ya 18 ya Katiba inakupa uhuru wa kutoa maoni na haikusema yawe matamu.

Nina kipimo changu. Ondoa yule unayemsema kwenye sentensi, uone kama kinabaki kitu cha kujibiwa. Kwako kinabaki: siku nne, bili. Aliyeandika chini yako "mijitu mijinga hiyo, imeshiba tu" hakubakiza kitu, na kwa bahati mbaya amewapa pa kukimbilia. Watamjibu yeye, wewe watakuruka. Uliza tena, swali lile lile, ongeza mtaa na tarehe yalipokatika. Salamu ukitaka weka, haipunguzi makali.

Binti yangu ana miaka 19, yuko chuo. Mtu asiyemjua anamtumia matusi kila usiku, na sasa anatishia kusambaza picha zake asipotumiwa hela. Mjomba wake anasema tumwanike mtu huyo mtandaoni. (Chang'ombe)

Msimwanike, na msitume hata mia. Akilipwa mara moja atarudi.

Hapa tumetoka kwenye adabu, tumeingia kwenye jinai. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa moyo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kutishia mtu ili atoe hela ni kosa jingine juu ya hilo.

Binti asifute chochote, hata yanayochefua. Apige skrinshoti zinazoonyesha namba, tarehe na saa, azitume kwenye simu yako pia, na simu yake ibaki na ujumbe wenyewe. Nendeni polisi, mwombe Dawati la Jinsia na Watoto. Pale mtasikilizwa faragha, si kaunta mbele ya watu. Kama anatumia laini ya hapa nchini, laini zinasajiliwa kwa alama za vidole tangu 2019, kwa hiyo hajajificha kama anavyodhani. Ripoti ikishapokelewa, ndipo amzuie.

Na wewe mama, leo usiku usimwulize picha alipigwa lini na kwa nini. Lala chumba kimoja naye.

Shemeji yangu alinichamba kwenye kundi la ukoo, nikamzuia kwenye simu. Sasa kuna msiba Mpwapwa na tumepangiwa gari moja. Nifanyeje? (Kikuyu)

Mfungulie sasa hivi, kabla hujapanga begi, maana mtahitaji kuulizana gari linatokea wapi. Mwandikie pole ya msiba, mstari mmoja. Yale ya kundini msiyaguse hadi matanga yaanuliwe, na akiyaanzisha njiani mwambie, "Hayo tutakaa mimi na wewe, tukirudi." Kaa kiti cha mbele. Nauli lipa yako mapema, asipate la kukusema.