Kaka yako, kitabu kuhusu Fauci na vidonge vya ARV

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: kaka yako anayeishi na VVU amesoma kitabu cha Robert F. Kennedy Jr. cha mwaka 2021 kinachomshutumu Dkt. Anthony Fauci, daktari aliyeongoza kwa miaka mingi taasisi ya Marekani ya magonjwa ya kuambukiza, na sasa anataka kuacha dawa kwa kuamini kwamba ndizo zinazoua.

Usianze kwa kukitukana kitabu, kwa sababu kuna mahali kinagusa ukweli: AZT, dawa ya kwanza ya VVU, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, mwanzoni ilitolewa kwa dozi kubwa zilizowapunguzia damu wagonjwa wengi. Mkubalie hilo, kisha mwombe alete kopo lake la vidonge msome lebo pamoja. Kama anatumia TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu, mtakuta tenofovir, lamivudine na dolutegravir, wala AZT haimo.

Kumkosoa Fauci ni haki ya msomaji yeyote. Hata hivyo, kitabu hicho kinatoa nafasi pana kwa nadharia zinazotilia shaka kwamba VVU husababisha UKIMWI, na shaka za aina hiyo ziliichelewesha serikali ya Thabo Mbeki, aliyekuwa rais wa Afrika Kusini, kusambaza dawa. Watafiti wa Harvard walikadiria kwamba zaidi ya watu 330,000 walipoteza maisha Afrika Kusini kwa ucheleweshaji huo.

Binamu yangu, aliyekuwa na shaka kama za kaka yako, hakushawishika kwa hoja zangu (nami nilizungumza mno), bali alitulia mhudumu wa CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU) alipomwonyesha majibu ya wingi wa virusi vyake. Mpeleke kaka yako huko, na kama amesharuka dozi, nendeni kesho asubuhi, hasa ikiwa ana homa ya ini aina ya B, kwa kuwa kukatisha TLD ghafla kunaweza kuliumiza ini vibaya.