Uliza Ujibiwe: Hivi Boeing tuipe maksi ngapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi ni mwanafunzi wa mambo ya usafirishaji, mwaka wa pili. Mwalimu wetu katupa kazi ya kuchagua kiwanda kikubwa cha nje tukipe maksi kumi kumi kwa vitu vitatu, maadili, mahusiano na wafanyakazi na nguvu yake kwenye siasa, alafu tutafute wastani. Nimechagua Boeing sababu ya ile ajali ya Ethiopian. Sasa nimekwama, maana maadili naona ni karibu na sifuri, wafanyakazi wanalipwa vizuri kuliko viwanda vingi, na siasa ndo usiseme wako vizuri mno. Wastani unanijia tano na hiyo tano naiona haisemi kitu. Nisaidie.
Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Umekwama sehemu nzuri mdogo wangu. Kwanza hapo kwenye siasa, ulivyosema "wako vizuri mno" ulikuwa unawapa kumi au unawanyima? Maana kampuni yenye nguvu bungeni ni habari njema kwa mwenye hisa na ni habari mbaya kwa anayekaa kiti cha 14A. Amua kabisa unapima kwa ajili ya nani, mi napima kwa ajili ya abiria na fundi, wenye hisa wana watu wao wa kuwapimia.

Alafu huo wastani achana nao. Kwa Boeing hivi vitu vitatu kimoja kinamzaa mwenzake, kwahiyo ukivijumlisha unaficha kile kile ulichotumwa kukitafuta.

Anza na siasa. Kule Marekani ndege haibebi abiria mpaka mamlaka yao ya anga, FAA, iipitishe. Ila FAA haina wataalamu wa kutosha wala bajeti, kwahiyo kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ukaguzi inaachiwa wafanyakazi wa kiwanda chenyewe, yaani mtu anakula mshahara wa Boeing na huyo huyo anasaini kwa niaba ya serikali kwamba kazi ya Boeing iko sawa, sawa na mtahiniwa kupewa kalamu nyekundu ajisahihishie. Viwanda vimeupigania sana mfumo huo bungeni, na sheria mpya iliyosainiwa Oktoba 5, 2018 ikaupanua zaidi. Haukupita hata mwezi, Oktoba 29, ndege ya shirika la Lion Air, Boeing aina ya 737 MAX, ikaanguka baharini Indonesia na watu 189.

Hapo ndo unaingia kwenye maadili. MAX ilizaliwa kwa haraka mwaka 2011 sababu mshindani wake Airbus alishatangaza A320neo inayokula mafuta kidogo na mashirika yanamkimbilia. Boeing badala ya kuchora ndege mpya akachukua 737, ndege ya miaka ya 60, akaifunga injini kubwa zaidi. Injini zile zikakaa mbele na juu kidogo, pua ya ndege ikawa katika hali fulani inapenda kunyanyuka, basi wakaweka programu inaitwa MCAS ya kuishusha pua yenyewe bila rubani kuulizwa. Na programu hiyo ilikuwa inasikiliza kifaa kimoja tu cha kupima pembe ya ndege wakati ndege inavyo viwili! Kikiharibika kimoja, programu inaamini uongo na inasukuma pua chini, inarudia na kurudia.

Marubani hawakuambiwa. Kwenye kitabu chao cha mwongozo MCAS haikuwepo, na sababu ni hela. Boeing alikuwa anauza MAX kwa ahadi kwamba rubani wa 737 ya zamani hahitaji kurudi kwenye simuleta, ile mashine ya kufundishia marubani, na shirika la ndege la Southwest la Marekani walishaahidiwa punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege endapo simuleta itahitajika. Unaona sasa kwanini hakuna mtu alitaka kuitaja MCAS kwa sauti. Ndani ya kampuni lakini watu walikuwa wanajua mambo hayako sawa, zile meseji zao zilizotolewa Januari 2020 kuna mmoja anamwandikia mwenzake kwamba ndege hii imechorwa na wachekeshaji ambao nao wanasimamiwa na nyani. Hayo ni maneno ya wa ndani, sio ya kwangu.

Machi 10, 2019 asubuhi Ethiopian ET302, nayo MAX, ikatoka Addis Ababa kuja Nairobi, dakika sita tu hewani, ikajikita ardhini karibu na Bishoftu. Watu 157, na taifa lililopoteza wengi kuliko yote ni Kenya. Kesho yake China ikazipaki MAX zake zote, nchi moja baada ya nyingine ikafuata, ila bosi wa Boeing wa wakati huo, Dennis Muilenburg, akampigia simu Rais Trump kumhakikishia ndege ni salama. Marekani ikazisimamisha tarehe 13, karibu dunia nzima imeshamaliza. Sasa niambie, hiyo simu unaiweka kwenye kolamu ya maadili au ya siasa?

Kesi ya jinai iliyotokana na ajali hizo nayo iangalie vizuri. Januari 2021 Boeing alikubaliana na serikali kulipa dola bilioni 2.5 asishtakiwe, kichwa cha habari kinatisha kweli, ila ukifungua ndani faini ni milioni 243.6, familia za marehemu ni milioni 500, na bilioni 1.77 zilienda kwa mashirika ya ndege, yaani wateja wake wamepata zaidi ya mara tatu ya familia. Muilenburg alishafukuzwa Desemba 2019 na akaondoka na hisa na mafao ya kama dola milioni 62. Mwaka 2024 serikali ikasema Boeing amevunja yale makubaliano, akakubali kukiri kosa, jaji wa Texas akaukataa mpango, mwaka uliofuata serikali yenyewe ikaja na makubaliano mengine ya kutoshtaki, na Novemba 2025 jaji yule yule akaifuta kesi huku akiandika kwamba yeye haoni kama hilo lina faida kwa umma. Huyu ndo anawatengenezea ndege za kivita bwana, na mkosaji aliyehukumiwa anaweza kukosa tenda za serikali, kila mtu kwenye ile meza alikuwa analijua hilo.

Na sio mara ya kwanza. Miaka ya 2000 mwanzoni kulikuwa na mama mmoja mkubwa wa manunuzi ya jeshi la anga, Darleen Druyun, alikuwa anajadiliana na Boeing dili la ndege za kujazia mafuta huku anapangiwa kazi huko huko Boeing, na binti yake na mkwewe walishaajiriwa. Alifungwa miezi 9, mkuu wa fedha wa Boeing miezi 4, na mwaka 2006 kampuni ikalipa dola milioni 615. Siku hizi mambo yanafanyika peupe tu, zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka za kushawishi bunge na serikali ya Marekani, milioni 1 kwenye sherehe za kuapishwa Trump 2025, na Mei mwaka huo huo rais mwenyewe akiwa Doha, Qatar Airways wakasaini kununua hadi ndege 210. Mimi siasa naipa 1, kwa kipimo cha abiria.

Haya, wafanyakazi. Hapo ndo nadhani umewapa maksi za bure. Mshahara mzuri ni kitu kimoja na mahusiano ni kitu kingine. Mafundi wa kule Seattle wana chama chenye nguvu, IAM, na Boeing kwa muda mrefu amekuwa anakitafutia dawa. Mwaka 2009, baada ya mgomo wa 2008, akaamua laini ya pili ya kuunganishia ndege ya 787 Dreamliner iende South Carolina ambako vyama havina nguvu. Mwaka 2013 akaja na kubwa zaidi, akasema ndege mpya ya 777X itajengwa kwingine kama hamtaachia pensheni yenu, na wakati huo huo jimbo la Washington, ndiko Seattle iliko, likampa msamaha wa kodi uliokadiriwa dola bilioni 8.7 hadi 2040 ili tu asihame. Januari 2014 wafanyakazi wakapiga kura wakakubali kwa asilimia 51, pensheni ikaenda. Serikali ya jimbo inatoa, fundi anatoa, Boeing anapokea kutoka pande zote mbili.

Kile kinyongo kikakaa miaka kumi. Septemba 2024 walipoletewa ofa ya nyongeza ya asilimia 25, ambayo hata viongozi wa chama waliisifia, asilimia 94.6 wakaikataa, watu 33,000 wakatoka nje. Ofa ya pili ya 35 nayo wakaitupa. Wamerudi Novemba kwa asilimia 38 kwa miaka minne, ila pensheni hawakuipata. Na 2025 wenzao wa St. Louis wanaojenga ndege za kivita wakagoma kuanzia Agosti hadi Novemba.

Na usifikiri hilo halihusiani na usalama. Januari 5, 2024 Alaska Airlines ilipotoka Portland, kipande cha ukuta kinachoziba mlango kiliruka hewani kwenye MAX 9, na wachunguzi wakakuta bolti nne za kukishika hazikuwepo. Kilifunguliwa kiwandani Renton ili kurekebisha ribiti, kikarudishwa bila bolti, na karatasi ya kuonesha kimefunguliwa haipo. Wazoefu wengi walishaondoka wakati wa korona na wapya hawakufundishwa vya kutosha, wachunguzi walilisema waziwazi na lawama wakaipeleka kwa kampuni, sio kwa mafundi. Wafanyakazi naipa 4, hiyo nne yenyewe wameipigania wao barabarani.

Kwahiyo andika maksi zako tatu, na badala ya wastani chora mishale inayoonesha ipi imesababisha ipi. Mwalimu akikukata, mwambie aniandikie.

SWALI: Mhariri, hapa kazini tunabishana, jamaa anasema Boeing ni wahuni ila Airbus ni wasafi. Ni kweli?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana bana. Januari 2020 Airbus ilikubali kulipa euro bilioni 3.6 kwa Ufaransa, Uingereza na Marekani sababu ya rushwa kupitia madalali wa kuuza ndege, na kati ya nchi zilizotajwa ni Malaysia, Sri Lanka, Indonesia na Ghana hapa hapa kwetu Afrika. Na kwenye siasa, serikali za Ufaransa, Ujerumani na Hispania zina hisa zao mle ndani, hao hawahitaji hata kupiga simu. Tofauti ni kwamba skendo ya Airbus ilikuwa ya kuuza, ya Boeing iliingia hadi kwenye kutengeneza, na ya pili ndo inayoua. Watanzania nao wanaikumbuka rada ya BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, ile ya pauni milioni 28, ambapo kampuni ilikiri kosa la hesabu mwaka 2010 na kuishia kulipa pauni milioni 29.5 zikanunua vitabu na madawati.

SWALI: Hujambo mwanangu. Mjukuu wangu anakwenda masomoni India na nimeambiwa hizo MAX hata Air Tanzania wanazo. Apande au asipande?
Bibi, Tanga

JIBU: Shikamoo bibi. Ni kweli, Air Tanzania wana 737 MAX 9. Hofu yako naielewa ila mi ningempandisha. Ile programu imerekebishwa, sasa inasikiliza vifaa vyote viwili, haimzidi nguvu rubani, na marubani wanapita kwenye simuleta. Ethiopian wenyewe waliofiwa walirudi kuzirusha Februari 2022 na 2023 wakaagiza nyingine 20. Hizo MAX 9 zenye mlango wa kuzibwa zilikaguliwa bolti zote baada ya tukio la Alaska. Ila kama roho yako haitulii, mwambie aangalie kwenye buking sehemu ya aina ya ndege, 7M9 ni MAX 9, 7M8 ni MAX 8, na 788 ni Dreamliner, ndege kubwa kuliko hizo. Aangalie tena siku moja kabla ya safari, maana mashirika huwa yanabadilisha ndege dakika za mwisho.