Gunia la Mwezi wa Sita na Mzani Wangu

Swali lenu la wiki hii ni: "Umejinyima wiki nzima, unapanda mzani unakuta umeongezeka. Unafanyaje?" Najibu kama muuza mahindi wa Mwanjelwa, Mbeya, maana jibu nilikuwa nalo dukani siku zote na sikuliona.

Anayenunua mahindi Mbozi mwezi wa sita anajua. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, ukilianika mpaka ufike 13.5 ule wa kuhifadhi, linabaki kilo kama 95. Hakuna aliyeiba. Punje ni zilezile, kilichoondoka ni maji. Ndiyo maana mkulima akileta mzigo sikimbilii mzani. Natia punje mdomoni kwanza, naing'ata, isipolia "ta" nashusha bei.

Sasa mimi huyohuyo, mwaka jana, Jumamosi nilijipima nikasoma kilo 88.4. Jumapili tukaenda harusini Uyole: pilau sahani mbili, nyama choma, soda. Jumatatu, 90.1. Nilikaa kitandani na soksi moja mkononi, baridi ya Mbeya nikaisahau. Kijana wangu wa kupakia magunia nilipomweleza alicheka: "Bosi, si ujianike tu kwenye turubai?" Alikuwa anatania, ila alipiga penyewe.

Tupige hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kalori zipatazo 7,700. Ili niongeze kilo 1.7 za mafuta ningepaswa kula kalori 13,000 juu ya zile mwili wangu unazotumia. Harusi haikuwa nono kiasi hicho! Wanga wa pilau huwekwa akiba kwenye misuli na ini, na kila gramu yake hushika maji kama gramu 3. Chumvi ya nyama nayo huzuia maji, na chakula chenyewe kilikuwa bado tumboni. Alhamisi nilisoma 88.2. (Na zile kilo 3 nilizojitangazia soko zima wiki ya kwanza nilipopunguza ugali? Nyingi zilikuwa maji pia. Aibu yangu.)

Siku hizi napima kila asubuhi nikitoka chooni, kabla ya chai, mzani ukiwa palepale kwenye sakafu ya saruji, naandika kwenye kalenda ya ukutani. Jumapili najumlisha siku 7, nagawanya, nalinganisha wastani na wastani. Mke wangu huongezeka akikaribia siku zake, kwa hiyo yeye hutazama wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Kilichonipunguza hasa ni kijiko. Nilikuwa nauogopa ugali, kumbe mafuta ya kula yalikuwa yanamiminwa toka kwenye dumu kwa kukadiria. Siku tuliyopima, sufuria ya maharage ya watu 4 ilimeza vijiko 9 vya chakula. Kijiko kimoja ni kalori kama 120, hivyo kila mmoja wetu alikula 270 za mafuta peke yake kabla hajahesabu harage hata moja. Na parachichi kubwa la Rungwe, ambalo mimi nililiita mboga, linapita 300.

Sasa ni vijiko 3. Mke wangu bado ananung'unika kwamba maharage yamepoteza ladha, na kwa hilo simbishii.