Piano inapokwenda shamba

Mpiga piano aliyesoma muziki wa klasiki akiamua kuipeleka sanaa yake shamba huko Zanzibar, Micheweni au Kojani za Pemba, au Makunduchi ya Unguja, swali lake la kwanza huwa ni atapiga nini. Ajiulize kwanza atashika nafasi gani kati ya wenyeji, kwa sababu huko anakokwenda ngoma ipo, hadithi zipo na wasusi wa mikeka wapo. Piano ikija kama mgeni wa kusomesha, watoto watakaa kimya dakika 40, watapiga makofi, yataishia hapo. Ikija kama sanduku la besi linavyokaa kwenye kidumbak, ngoma ya Zanzibar, yaani inashika kazi moja ambayo shughuli inaihitaji, utaitwa tena.

Tuanze na chombo. Ukipewa piano ya mbao ya msaada, ikatae kwa adabu. Ina uzito wa kilo 200 na zaidi, na ndani yake mna nyuzi zipatazo 230. Kwa unyevu wa hewa yetu mbao huvimba, vibonye hunata, nyuzi hushika kutu, na mchwa hawachelewi. Fundi wa kuilinganisha anatakiwa angalau mara mbili kwa mwaka, na kila safari utamlipia nauli. Chukua piano ya umeme yenye vibonye 88 vizito. Hiyo ina kilo 11 hadi 13 na urefu wa sentimita 130 hivi, watu wawili wanaibeba bila taabu. Kinanda chepesi cha vibonye 61 kinabebeka zaidi, lakini vibonye vyake laini havimfundishi mtoto kwamba nguvu ya kidole ndiyo inayotengeneza sauti, na hilo ndilo la thamani kuliko yote katika piano.

Kwenye boti ya kwenda bandari ya Mkoani, Pemba, usiiache nje ambako maji ya chumvi yanaruka. Chumvi hula matundu ya waya kabla hujajua. Ifunge kwa nailoni ndani ya mfuko wake. Ikiwa imesafiri kwenye chumba chenye kiyoyozi, ukifika usiifungue papo hapo: iache ndani ya mfuko kwa nusu saa au zaidi ipate joto la nje. Ukiharakisha, hewa ya joto hugeuka matone ya maji juu ya sakiti, nawe utawasha umeme juu ya maji.

Pa kupigia, kivuli cha mwembe mara nyingi kinashinda ukumbi wa skuli. Mvua ya vuli ikipiga kwenye bati, hakuna spika itakayosikika. Tandika jamvi kwanza, kisha weka vipande vya ubao chini ya miguu ya stendi isizame mchangani. Kiti cha plastiki peke yake ni kifupi kwa mpigaji, mabega yatapanda na mikono itachoka. Pachika viwili au vitatu kimoja juu ya kingine: unapata kimo kizuri na haviyumbi. Weka ndoo ya maji, sabuni na taulo kavu, na usimamie hiyo taulo hasa, maana mkono uliooshwa ukaachwa majimaji unaharibu piano kuliko mkono wa vumbi.

Umeme usiutegemee wa ukutani peke yake. Piano hula wati 10 hivi, spika ndogo wastani wa wati 50. Kwa saa tatu ni wati-saa 180, na ukiongeza kinachopotea kwenye inveta, kifaa kinachougeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, fikiria 220. Betri ya sola ya volti 12 na amp-saa 50 ina wati-saa 600, na nusu yake inatosha kazi hiyo bila kuiumiza. Betri ya gari haikutengenezwa kukamuliwa hivyo, itakufa mapema. Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi huleta mvumo kwenye spika, na watu watadhani piano ni mbovu. Asikushawishi mtu kuunga piano moja kwa moja kwenye betri: chanya na hasi zikipishana, umeipoteza.

Idhini huanza kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia, kisha mwalimu mkuu wa skuli, kisha mwalimu wa chuo cha Qur'ani. Huyu wa tatu ndiye anayesahauliwa, na ndiye mwenye watoto jioni. Muulize siku zake za mapumziko kabla hujapanga ratiba. Mweleze nyimbo gani zitaimbwa, nani atawasimamia wasichana, na kwamba adhana ikisikika kila kitu kinazimwa. Ramadhani acha kabisa. Pemba uliza pia habari ya karafuu, maana ikishaanza kuchumwa watoto wengi wako mikarafuuni au kwenye majamvi wanaanika.

Sasa muziki wenyewe. Aliyezoea kuhesabu moja hadi nne kwenye karatasi atauweka mkazo pasipo pake mara tu ngoma ikianza. Dawa yake ni miguu. Simama na wachezaji, fuata hatua zao mpaka mwili uache kufikiri, ndipo ukae na upige noti moja tu ya chini kwa mkono wa kushoto, dakika tano nzima. Mkono wa kulia ukae pajani. Wapigaji wakishakuzoea ndipo uongeze. Kumbuka ngozi za ngoma hulegea kwa unyevu na lazima ziwambwe kwa moto wa makuti kabla ya kuanza, kwa hiyo usipange sauti ya spika mpaka ngoma zimeshapashwa moto, maana zitapanda.

Kwenye nyimbo za taarab kuna mtego mwingine. Maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, za Nahawandi na Hijazi hukaa vizuri kwenye piano. Rasti na Bayati hazikai, kwa sababu zina sauti zinazoangukia katikati ya kibonye cheupe na cheusi jirani yake. Katika Rasti mojawapo ni sauti ya tatu: ukipiga mi umepanda mno, ukipiga mi iliyoshushwa umezama mno. Wapiga piano wengi hapo humsahihisha mwimbaji, na hilo ni kosa kubwa, kwani aliyekosea ni piano. Iache sauti hiyo kabisa. Shika do ya chini na sol yake, fidla na koo la mwimbaji vimalize. Ukikaa na wanafunzi wa chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) cha Mji Mkongwe, kilichoanzishwa 2002, watakuonyesha kwa qanuni, ala ya nyuzi ya taarab, tofauti hiyo ndani ya dakika kumi.

Hadithi ndipo piano inapopata nafasi yake nzuri kuliko zote. Bibi anasema "Paukwa!", watoto wanajibu "Pakawa!", na ndani ya hadithi mna wimbo unaorudi mara tatu au nne. Mara ya kwanza usipige kitu, sikiliza. Mara ya pili tafuta sauti aliyoanzia, na utumie kitufe cha kuhamisha ufunguo, kinachopandisha au kushusha sauti zote pamoja, ili piano imfuate yeye. Bibi hana wajibu wa kuifuata piano, na mara ijayo anaweza kuanzia juu zaidi kwa kuwa hadithi imechemka. Mara ya tatu piga chini yake, pole, na watoto wakiitikia nyamaza kabisa ili wasikie sauti zao. Anapozungumza usipige. Subiri mwisho wa sentensi, vinginevyo unameza maneno na hadithi inafia hapo. Wimbo wakiuchukua watoto wenyewe, wa miaka 7 hadi 10 hustarehe kati ya re iliyo juu tu ya do ya kati na la iliyo juu ya re hiyo. Ukishuka zaidi wananguruma.

Kwa wasusi kuna kazi moja ya Bach, mtunzi wa Kijerumani, inayofaa mno: preludi (kipande kifupi cha kufungulia) ya kwanza, ya do, katika mkusanyo wake wa 1722, The Well-Tempered Clavier. Katika vipimo vyake (bars) 35, 32 vya mwanzo vinakwenda kwa mtindo mmoja: noti nane, halafu noti nane zilezile tena, kisha kinabadilika kidogo na kurudiwa. Msusi wa ukili akiuona mkono wa mpigaji anaelewa bila maelezo. Roweka miyaa ya rangi ilainike, mpe kila mtoto minne, upige kwa nusu ya mwendo wa kawaida, na kila kipimo kikigeuka mtoto apindishe mwaa mmoja. Wa kwanza watakosea kwa kutazama piano badala ya mikono yao. Waambie wafumbe macho vipimo vinne, kisha waanze upya.

Watoto 28 wanatosha kwa piano moja. Wagawe makundi manne ya saba: piano, ngoma, ukili, hadithi, dakika 20 kila kituo, halafu dakika 20 za pamoja. Kwenye piano wakae wawili, watano waimbe na kupiga makofi, wabadilishane. Vibonye vyeusi pekee ni mlango mzuri kwa mtoto, kwa kuwa hakuna sauti itakayogombana na nyingine, ila ziara ya pili ianze na vyeupe. Ukimwacha kwenye vyeusi, siku akitaka kupiga wimbo wa nyumbani kwao atazikosa sauti anazozijua.

Bibi wa hadithi, msusi na mpiga ngoma walipwe kwa saa kama anavyolipwa mpiga piano, na walipwe siku hiyohiyo. Sauti ukizirekodi, nakala iwekwe kwenye kadi ndogo na akabidhiwe mwalimu wa skuli kabla gari haijaondoka. Kisha futa vibonye kwa kitambaa kikavu, funika kwa kanga, na uandike kwenye daftari la sheha tarehe ya kurudi.